Shibe Ipitayo Kiasi na Miili ya Vijana Wetu



Miongoni mwa mambo makuu ambayo sheria imekuja kuyalinda ni nafsi ya mtu. Na nafsi haidhuriwi na njaa peke yake, bali hata na shibe ipitayo kiasi. Katika Surat al-A'raf, aya ya 31, ruhusa ya kula na kunywa imefuatwa papo hapo na katazo la israfu. Basi halali nayo ina mpaka.

Wengi wetu twahesabu unene kuwa dalili ya neema. Hesabu hiyo yatudanganya. Katika uchunguzi wa afya wa taifa letu wa miaka 2008 na 2009, wanawake 25 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 walifika 33. Humo wamo mabinti wa miaka 15. Na kijana anenepaye mno hukaribia kisukari na shinikizo la damu, maradhi tuliyozoea kuyaona kwa watu wazima.

Tuitazame milango mitatu ya madhara haya.

(1) Kinywaji. Soda nyingi zina sukari yapata gramu 10 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300, basi, ina vijiko vya chai kama saba. Nasi wa Kakamega, nchi ya miwa, chai twaitia sukari bila ya hesabu.

(2) Kukaa. Kijana hupanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi, kisha akaketi na simu mpaka usiku. Shirika la Afya Duniani lasema yampasa kuushughulisha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Jembe, mpira, na kwenda msikitini kwa miguu, vyote vyatosheleza haja hiyo.

(3) Kukesha. Umri huo wahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akosaye usingizi huzidi kutamani chakula, na sala ya Alfajiri humpita.

Huenda mtu akasema, "Haya ni maradhi ya matajiri." Sivyo. Chipsi na mandazi vyauzwa kila kituo kwa bei nafuu, na huku mrenda, kunde na miroo vijana wavidharau kuwa ni vyakula vya kijijini. Hata Ramadhani, mwezi wa kujizuia, twaila kwa futari mara mbili ya tulichokiacha mchana.

Lakini tahadharini: msimcheke kijana mnene. Surat al-Hujurat, aya ya 11, yakataza dharau. Tena unene waweza kutokana na maumbile au maradhi, na mwenye kupima ni daktari. Wala kijana anayekua asinyimwe chakula. Sufuria ni ya nyumba nzima, na aipikaye na aigharimiaye ni sisi wazazi. Mabadiliko na yaanzie kwetu.

Kazi ya juma hili: kila nyumba ihesabu vijiko vya sukari viliwavyo kwa siku moja, kisha tuje nayo hesabu hiyo darasani.

Wabillahi tawfiq.