Usiilowanishe Saintpaulia, Ipe Hewa Yenye Unyevu

Vitumba vya saintpaulia vikianza kukauka na kudondoka kabla ya kuchanua, wengi hukimbilia chupa ya kupulizia maji. Iache chupa hiyo. Majani ya mmea huu yamejaa vinyweleo laini vinavyoshika matone. Maji yaliyo baridi kuliko jani huacha madoa yasiyofutika, na yakituama pale katikati majani machanga yanapochipukia, mmea huanza kuozea hapo. Tena unyevu wenyewe haudumu: baada ya dakika chache hewa ya chumba inakuwa kavu kama ilivyokuwa.

Ua hili, ambalo wauza miche wengi huliita afrikan vayoleti, ni la kwetu. Asili yake ni misitu ya Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya, na linajulikana zaidi kwa Milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la ukoo wa ofisa huyo. Msituni huota kivulini, mara nyingi juu ya miamba yenye kuvumwani na karibu na vijito, mizizi ikijishikiza kwenye udongo haba. Hewa ya huko ina unyevu mwingi, lakini maji hayatuami mizizini. Mambo hayo mawili ndiyo ya kuyaleta nyumbani.

Anza kwa kupima. Saintpaulia hustawi vizuri unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 50 na 60. Ukishuka chini ya 40 kwa siku nyingi, vitumba hukauka na kingo za majani huwa kahawia. Ukipanda kupita 75 ndani ya chumba kisichopitisha hewa, ukungu unakaribishwa. Kipima unyevu kidogo cha betri kinatosha, ila vile vya bei nafuu hukosea, kwa hiyo kikague kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, lakini isiyeyuke yote. Tia kizibo hicho na kipimo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, bila chumvi kugusa kipimo, uviache usiku kucha. Asubuhi kipimo kinapaswa kuonyesha 75. Kikionyesha 69, kumbuka kuongeza 6 kila unapokisoma.

Kisha kiweke pale pale mmea ulipo, si upande wa pili wa chumba, ukisome alfajiri na saa nane mchana. Tofauti inaweza kukushangaza. Hewa ya nyuzijoto 20 iliyojaa mvuke hubeba takriban gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo, na ya nyuzijoto 30 hubeba takriban gramu 30. Kwa hiyo chumba chenye nyuzijoto 20 na asilimia 50 asubuhi kikipashwa na jua hadi nyuzijoto 30 huanguka karibu na 28, ingawa hakuna tone lililotoka. Mara nyingi dawa ya kwanza ni kuuondoa mmea kwenye dirisha la magharibi na kuupeleka la mashariki, lenye pazia jepesi.

Kwa mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi, au wa Nairobi mwezi Januari na Februari, hewa yenyewe ni kavu. Kusanya mimea yako pamoja, kwa kuwa kila mmoja hutoa mvuke unaowafaa majirani, ila majani yasigusane. Sinia la kokoto nalo husaidia: maji yafike chini kidogo ya uso wa kokoto na chungu kikae juu yake bila kuloa. Usilitegemee mno, maana huongeza asilimia chache tu, tena karibu na sinia lenyewe. Na maji hayo yasikae. Mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye vyombo vya namna hiyo, na mayai yake hunata kwenye kuta za chombo, kwa hiyo kila siku ya tatu au ya nne mwaga maji, sugua sinia na kokoto, ndipo ujaze upya. Hewa ikizidi ukavu, chukua chupa kubwa ya maji ya kunywa iliyo angavu, kata kitako, ufunike nayo mmea usiku na kuufunua asubuhi. Aliye Ulaya au Marekani msimu wa baridi ana kazi kubwa zaidi: hewa ya nje ya nyuzijoto 0, hata ikiwa imejaa mvuke, ikiingia ndani na kupashwa hadi 20 hubaki na asilimia 26 hivi. Huyo anahitaji mashine ya kuongeza unyevu, sinia halitamfikisha.

Dar es Salaam, Mombasa na Unguja mambo hugeuka. Unyevu uko tele, na adui ni joto pamoja na hewa iliyosimama. Hapo weka kando sinia na kifuniko. Tenganisha vyungu, ng'oa maua yaliyonyauka pamoja na vikonyo vyake, mwagilia asubuhi kwa kuweka maji kwenye kisahani cha chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Pangaboi la mwendo wa polepole lifanye kazi, bila kuupiga mmea moja kwa moja. Chumba chenye kiyoyozi hulaumiwa bure: mara nyingi ndicho mahali pazuri kuliko pote katika nyumba ya pwani, kwa sababu hupunguza joto na unyevu kwa pamoja. Kinachoua ni ule upepo unaotoka kwenye mdomo wa kiyoyozi, basi usiuweke mmea kwenye njia yake.

Pahali pekee panapostahili unyevu wa kupindukia ni kwenye jani unalootesha. Kata jani zima lenye afya, ubakize kikonyo cha sentimeta 3 hivi, lichomeke kwenye udongo mwepesi uliolowa kidogo, kisha funika kwa mfuko wa plastiki angavu. Ufungue kidogo kila siku hewa iingie. Mizizi hutoka baada ya wiki chache, na miche midogo huchomoza miezi miwili mitatu baadaye. Kwa kuwa jani moja hutoa miche kadhaa, hakuna sababu ya mtu yeyote kuing'oa saintpaulia msituni, ambako aina zake kadhaa zimebaki katika maeneo madogo sana. Omba jani kwa jirani, na wewe ukiombwa, toa.