Mgonjwa Anapokataa Dawa ya Bei Nafuu



Somo letu la leo ni amana baina ya muuza dawa na mgonjwa. Hapa Banda na Kireka, wanakopanga wengi wetu, nimewasikia wagonjwa wakisema: "Nipe Coartem yenyewe, sitaki hiyo rahisi." Hiyo rahisi ni dawa jeneriki: kiambato tiba na kipimo ni vilevile, ila mtengenezaji ni mwingine. Coartem ni ya Novartis, Lumartem ni ya Cipla. Zote mbili ni artemeta na lumefantrini.

Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3. Mwenye fedha kidogo aking'ang'ania jina, huenda akanunua nusu tu, na malaria ikabaki mwilini. Je, muuzaji amtilie jeneriki kimyakimya ili apone?

Naona hapana. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Nia njema haihalalishi udanganyifu. Lakini kumwacha aondoke na nusu dozi bila neno nako ni khiyana.

Basi kwanza tumwulize sababu. Akihofia dawa bandia, tumweleze kwamba jeneriki iliyosajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA) si bandia, na kwamba wahalifu huiga hata majina makubwa. Akidhani rahisi ni dhaifu, tumkumbushe ARV: mwaka 2001 Cipla ilizitoa kwa dola 350 kwa mwaka, ilhali za kampuni asilia zilipita dola 10,000. Kiwanda cha Luzira, hapa hapa Kampala, hutengeneza jeneriki.

Zipo pia sababu za haki. Anayeuliza kama kapsuli ina jelatini ya nguruwe hakosei, kwani viambato visivyo tiba hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kikaratasi kisomwe. Na mgonjwa wa kifafa aliyetulia kwa dawa moja asibadilishiwe bila daktari.

Akikataa baada ya maelezo, uamuzi ni wake. Tumsihi akamilishe dozi, au tumwelekeze kituo cha afya cha serikali, ambako dawa ya malaria hutolewa bure.

Allah atujaalie uaminifu katika elimu na kazi zetu. Wabillahi tawfiq.