Panzi-bahari na Makazi Yake: Samaki Mmoja, Visiwa Vingi



Somo letu la robo hii linamhusu samaki ambaye watu wa pwani humwita panzi, au panzi-bahari, kwa sababu huruka kutoka majini kama panzi anavyoruka majanini. Huenda mjumbe wa kamati ya parokia akauliza: samaki anayeruka anatuhusu nini? Anatuhusu kwa kuwa habari zake zinaonyesha vizuri jambo ambalo kila mpango wa maendeleo unapaswa kuanza nalo, yaani kujua mali tunayotaka kuvuna inaishi wapi, inazaliana wapi, na ni nani wengine wanaoitegemea.

1. Ni samaki wa namna gani?

Jamii ya panzi-bahari ina aina zaidi ya 60. Wengi wao hawazidi sentimita 30 kwa urefu. Mapezi yao ya kifuani ni marefu na mapana, na aina nyingine wana mapezi makubwa ya tumboni pia, hata huonekana kama wana mabawa manne.

Hata hivyo, panzi-bahari hapigi mabawa kama ndege. Huogelea kwa kasi kuelekea juu, mapezi yakiwa yamekunjwa ubavuni. Akishatoka majini huyakunjua, huku ncha ya chini ya mkia ikibaki ndani ya maji na kupiga zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Kisha huteleza hewani. Kwa kawaida mteremko mmoja hufika mita 50 hivi, na akianza kushuka anaweza kugusa maji tena kwa mkia na kuendelea. Mwezi Mei 2008 watengenezaji filamu wa televisheni ya Japani walimpiga picha panzi-bahari aliyekaa hewani kwa sekunde 45.

Huruka ili kuokoa maisha yake. Chini yake kuna fulusi, jodari na nduaro wanaomwinda. Akiruka juu, ndege wa baharini nao wanamngoja.

2. Wanaishi wapi?

Panzi-bahari hupatikana katika bahari zenye joto: Atlantiki, Pasifiki na Bahari ya Hindi, pamoja na maji ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ni nadra kuwakuta mahali ambapo maji yana joto chini ya nyuzi 20. Huishi karibu na uso wa bahari, wengi wao mbali na nchi kavu, na hula viumbe vidogo sana vinavyoelea majini.

Jambo la kuzingatia zaidi ni uzazi wao. Mayai ya aina nyingi yana nyuzi zinazonata. Jike huyataga juu ya kitu kinachoelea, kama vile mwani, tawi la mti au kuti la mnazi, nayo hujifunga hapo mpaka yaanguliwe. Kwa hiyo nyumba ya samaki huyu ina sehemu mbili: maji ya moto ya juu, na vitu vinavyoelea juu ya maji hayo. Vyote viwili husafiri na mkondo wa bahari, wala havisimami kwenye mpaka wa nchi.

3. Mfano wa Barbados

Barbados ni kisiwa kidogo mashariki mwa Karibi. Huko panzi-bahari ni chakula cha taifa. Huliwa na uji mzito wa mahindi uliopikwa na bamia, chakula ambacho mtu wa kwetu angekitambua upesi. Picha ya samaki huyu imo hata kwenye sarafu yao ya dola moja.

Wavuvi wa huko walijua tabia ya samaki huyu muda mrefu kabla ya wataalamu. Huelea baharini na matita ya makuti na majani ya miwa, samaki wakaja kutaga, nao huwavua kwa jarife na kwa nyavu za mkono. Aina inayovuliwa zaidi huishi kwa muda wa mwaka mmoja na kitu tu, na uvuvi wake hufanyika hasa kati ya Desemba na Juni. Maana yake, samaki wa mwaka huu ndio wazazi wa samaki wa mwaka ujao.

Zamani boti zilitoka alfajiri na kurudi jioni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 zilianza kutumika boti zenye hifadhi ya barafu, zinazoweza kukaa baharini siku kadhaa. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli, maana samaki hawakuoza tena na kipato kiliongezeka. Lakini sasa mvuvi aliweza kuwafuata samaki mpaka karibu na Tobago, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwake, katika maji ya nchi ya Trinidad na Tobago. Mwaka 2004 wavuvi wa Barbados walikamatwa huko, na ugomvi kati ya serikali hizi mbili jirani ukawa mkubwa.

Shauri lilipelekwa mbele ya wasuluhishi watano chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. Tarehe 11 Aprili 2006 walitoa uamuzi na kuchora mpaka wa bahari. Hawakuwapa wavuvi wa Barbados haki ya kuvua upande wa pili. Lakini walisema pia kwamba nchi zote mbili zina wajibu wa kushirikiana kuwahifadhi panzi-bahari, na kujadiliana kwa nia njema juu ya uvuvi.

Mwaka 2014 nchi za Karibi mashariki zilikubaliana juu ya mpango wa pamoja wa kumsimamia samaki huyu. Sababu ni kwamba utafiti ulionyesha kuwa samaki wa visiwa vile ni kundi moja. Kisiwa kimoja kikivua kupita kiasi, sahani ya jirani hupungua.

Matatizo mengine hayana mpaka pia. Tangu mwaka 2011 mwani mwingi mno unaoitwa sagasamu umekuwa ukifika Karibi katika miaka mingi, ukinasa nyavu na kuwatawanya samaki. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilivunja na kuzamisha boti nyingi za uvuvi za Barbados.

4. Tunajifunza nini?

Kwanza, ujuzi wa wenyeji ni hazina. Mvuvi aliyefunga tita la makuti alikuwa anajua mahali samaki anapotaga.

Pili, chombo kipya hubadilisha mahusiano ya watu. Barafu iliongeza kipato, na pia ikampeleka mvuvi katika maji ya jirani yake. Anayeomba chombo na anayekitoa wote wajiulize kitafika wapi, na huko kuna nani.

Tatu, mali inayohama hailindwi na mtu mmoja. Ndivyo ilivyo kwa samaki, na pia kwa maji ya mto na malisho ya mifugo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika eneo letu, ni mali gani tunayoitumia pamoja na watu wa kijiji au parokia nyingine?

2. Mara ya mwisho tulipopanga mradi unaoihusu mali hiyo, je, wale wengine waliulizwa?

3. Ni wazee gani kati yetu wanaojua mahali inapozaliwa au inapoanzia, na je, ujuzi wao umeandikwa popote?