Jina Lililobandikwa Ndani

JUMANNE

Soma Mathayo 7:15–23. Je, Yesu anasema wafuasi wake watatambuliwa kwa nini?

Antonio Stradivari alikuwa fundi wa fidla katika mji wa Cremona, Italia. Alifanya kazi hiyo mpaka uzeeni, akafa mwaka 1737 akiwa na miaka ipatayo 93. Ndani ya fidla zake alibandika karatasi ndogo yenye jina lake, mji wake na mwaka. Leo baadhi yake huuzwa kwa mamilioni ya dola.

Lakini katika karne ya 19 na baadaye, mafundi na viwanda vya Ulaya vilitengeneza maelfu ya fidla za bei nafuu na kubandika ndani karatasi zenye jina hilohilo. Hivyo mtu hufungua sanduku la marehemu babu yake, akachungulia tundu la fidla, akasoma jina na kudhani amepata utajiri. Mtaalamu haishii kwenye karatasi. Huchunguza uchongaji, vanishi na mbao zenyewe. Fidla iitwayo Messiah, iliyoko Oxford, Uingereza, ina karatasi ya mwaka 1716. Wengine walipoitilia shaka, wataalamu walipima mistari ya ukuaji wa mti kwenye ubao wake wa juu, wakaona kwamba mstari wa mwisho ni wa miaka ya 1680. Ushahidi wa mti haukupingana na karatasi.

Sisi nasi tulipobatizwa tulipokea jina la Kristo. Limo katika orodha ya washiriki na katika sala zetu. Hata hivyo, Yesu anaonya kwamba wapo watakaotaja mambo makubwa waliyofanya kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe.

Basi, je, tukate tamaa? Hapana. Fidla ya kiwandani haiwezi kamwe kuwa ya Stradivari, kwa maana fundi huyo alikwisha kufa. Fundi wetu yu hai. Sisi tu kazi ya mikono yake (Waefeso 2:10), na aliyeianza kazi hiyo ndani yetu ataikamilisha (Wafilipi 1:6). Sehemu yetu ni kukaa mikononi mwake kila siku, hata patasi inapouma.

Tafakari: Kama watu wa nyumbani mwako wasingejua kwamba wewe ni mshiriki wa kanisa, je, wangeona nini katika maneno na matendo yako kinachoonyesha kwamba Kristo anakuchonga?