Soma maji kabla ya kufungua kopo: somo la kuwalisha samaki wa bustani



Katika safu hii ya elimu tumezoea masomo yanayotoka darasani. Leo naomba mnivumilie niwaletee somo nililolipata nje ya darasa, kando ya kidimbwi cha bustani. Nililipata kwa kuharibu kitu ambacho hakikuwa changu.

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Gent, Ubelgiji, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mstaafu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kidimbwi cha lita 4,000 hivi, chenye samaki wa dhahabu kumi na wawili na koi watano. Mkubwa wa wote alikuwa koi mweupe mwenye mabaka mekundu. Bibi alimnunua pamoja na marehemu mumewe, na samaki huyo alikuwa na umri wa miaka 19. Mwezi wa Agosti bibi alinifundisha kuwalisha: mara tatu kwa siku, kiganja kimoja kila mara. Nikaizoea kazi ile, na samaki nao wakanizoea. Wakisikia nyayo zangu tu walikuwa wanapanda juu midomo wazi.

Mwanzoni mwa Novemba bibi akaenda kwa binti yake kwa wiki tatu. Aliniambia, "Kijana wangu, nakuachia samaki." Nikajibu kwamba asiwe na wasiwasi. Hakunieleza zaidi kwa sababu alidhani najua, nami sikuuliza kwa sababu nilidhani najua.

Nikaendelea na viganja vitatu kwa siku. Kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza, niliwaonea huruma nikaongeza kidogo, kama mtu anavyomwongezea mgeni uji asubuhi ya baridi. Wiki ya pili samaki walipunguza kupanda juu. Nikadhani wanaumwa njaa, nikaongeza tena. Wiki ya tatu nikakuta samaki wa dhahabu wawili wamekufa, na siku iliyofuata yule koi mkubwa alikuwa amelala ubavu. Matamvua yake, ambayo huwa mekundu, yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia.

Bibi aliporudi hakunigombeza. Alitumbukiza kipimajoto majini, akakisoma, akasema, "Nyuzi 7. Umewapa chakula cha Agosti katika maji ya Novemba." Yaliyobaki nilikuja kuyaelewa kwa kusoma na kwa kuuliza, na ndiyo ninayotaka kuwapa leo.

Kwanza: mwili wa samaki hufuata maji

Sisi binadamu mwili wetu hukaa karibu na nyuzi 37, iwe jua iwe mvua. Samaki hana jiko hilo ndani. Joto la mwili wake ni joto la maji aliyomo. Maji yakiwa nyuzi 22, mwili wake unafanya kazi kwa kasi: anaogelea, anakua, anasaga chakula upesi. Maji yakishuka hadi nyuzi 7, kila kitu ndani yake kinakwenda polepole sana, na kusaga chakula pia. Mwili unaofanya kazi kidogo unahitaji chakula kidogo. Kwa hiyo kosa langu la kwanza lilikuwa kumpima samaki kwa baridi ninayoisikia mimi. Mtu akisikia baridi hutaka kula zaidi, lakini samaki maji yakipoa hutaka kula kidogo, na yakizidi kupoa hataki kabisa.

Koi na samaki wa dhahabu ni wa ukoo mmoja, na wote hawana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Chakula hutafunwa na meno yaliyo kooni, kisha hupita moja kwa moja kwenye utumbo. Ndiyo sababu hata wakati wa joto ni heri kuwapa kidogo mara nyingi kuliko kingi mara moja.

Pili: asichokula samaki hakipotei

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Punje inayozama bila kuliwa huoza. Na ile iliyoliwa, sehemu ya protini yake hutoka mwilini mwa samaki kama amonia, hasa kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Katika kidimbwi kilichokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, na bakteria wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa na hutumiwa na mimea. Bakteria hao hukaa kwenye mawe, kuta na hasa kwenye kichujio.

Lakini bakteria nao hulegea maji yakipoa. Kwa hiyo Novemba ile nilikuwa nimeongeza mzigo wakati uleule wachukuzi walipopunguza kazi. Muuza samaki wa mtaani alipima maji kwa dawa za rangi, akakuta naitraiti iko juu. Naitraiti ikiingia katika damu huizuia kubeba oksijeni na kuigeuza rangi ya kahawia. Samaki anaishiwa pumzi ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya yale matamvua.

Tiba ilikuwa hii: kuacha kulisha kabisa, kutoa theluthi ya maji na kuweka mapya yaliyoondolewa klorini, na kutia chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, yaani kilo 4. Kloridi iliyo katika chumvi hushindana na naitraiti kuingia kwenye matamvua. Samaki kumi na wanne walipona. Koi mkubwa hakupona.

Tatu: kipimajoto ndicho ratiba

Funga kipimajoto kwa uzi, kishuke hadi nusu mita chini ya maji, ukisome asubuhi. Usibadilishe ulishaji kwa sababu ya siku moja ya jua, ngoja joto lishike kwa wiki nzima. Ratiba niliyofuata baadaye kule Gent, na ambayo wafugaji wengi wa nchi za baridi wanaifuata kwa tofauti ndogo, ni hii:

1. Chini ya nyuzi 8: usilishe. Samaki mwenye afya hukaa karibu na sakafu, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na anaweza kukaa hivyo kwa miezi.
2. Nyuzi 8 hadi 12: kidogo sana, mara mbili au tatu kwa wiki, wakati wa mchana. Tumia chakula chepesi cha kiini cha ngano.
3. Nyuzi 12 hadi 18: mara moja kwa siku. Haya ndiyo maji ya majira ya kuchipua na ya majani kupukutika.
4. Nyuzi 18 hadi 25: mara mbili hadi nne kwa siku, chakula chenye protini ya asilimia 35 hadi 40. Ni wakati wa kukua na wa kuweka akiba ya mafuta.
5. Zaidi ya nyuzi 28: punguza tena. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Katika nyuzi 10 lita moja hubeba takriban miligramu 11, katika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Na kusaga chakula kunahitaji oksijeni.

Katika kila hali, toa kile wanachomaliza kwa dakika tano. Kilichobaki kiondoe kwa wavu.

Januari kidimbwi kikaganda juu. Nikachukua jiwe nivunje barafu ili wapumue. Bibi akanizuia: pigo lile husafiri majini na kuwaumiza samaki. Akaleta sufuria ya maji ya moto, akaiweka juu ya barafu mpaka ikayeyusha tundu la duara, gesi chafu ikapata njia ya kutoka. Akanieleza pia kwa nini hawafi chini kule. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo hayo huzama chini, na yaliyo baridi kuliko hayo hubaki juu na kuganda. Barafu inakuwa kama blanketi. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo sekondari, nikalijibu kwenye mtihani, na sikuwahi kulihusisha na kiumbe yeyote hai.

Nne: huku kwetu

Msomaji wa Huye au Kigali atauliza: sisi hatuna barafu, somo hili linatuhusu nini? Linatuhusu sana. Siku hizi vidimbwi vya koi na samaki wa dhahabu viko katika bustani za hoteli na za nyumba za watu, nasi tuna majira yetu.

Mwaka jana mwezi wa Aprili mzee mmoja jirani yetu Nyamirambo aliniita alfajiri. "Mwanangu, njoo uone, samaki wanavuta hewa juu." Nikamkuta amesimama na kopo la chakula mkononi, akidhani wana njaa. Nikamwomba, "Mzee wangu, liweke chini kwanza." Maji yalikuwa ya kijani kibichi, na kulikuwa na vipande vya mkate vilivyovimba pembeni.

Maelezo yake ni haya. Chakula kingi huwa mbolea, mwani unaongezeka. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku nao huitumia, na chakula kinachooza huitumia pia. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Siku za mawingu ya masika mwani hutoa kidogo, na usiku unaofuata unakuwa mgumu zaidi. Kumbukeni tena kwamba Kigali iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani yenye joto lilelile. Tuliondoa mkate, tukabadilisha robo ya maji, tukaweka pampu ya kurusha maji usiku, na mzee akaacha kulisha kwa siku tatu. Hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo, kwa hali yetu:

Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, lisha saa nne asubuhi au baadaye, jua likiwa limepanda. Siku ya mawingu mazito punguza nusu, na samaki wakivuta hewa juu usilishe kabisa.

Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, usiku huwa baridi, hasa kwenye miinuko. Pima maji, usikisie. Maji yakipungua kwa jua, ongeza kidogo kidogo, maana uchafu uleule katika maji machache ni sumu kali zaidi.

Mkate, mandazi na biskuti havifai. Ni wanga mtupu unaooza haraka. Ukikosa chakula cha dukani, njegere zilizochemshwa na kumenywa, majani ya saladi na minyoo ya ardhini ni bora zaidi. Na chakula cha dukani nunua kidogo, kihifadhi pakavu, kiishe ndani ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mafuta yake huchacha na vitamini hupotea.

Ndugu aliye na bwawa la ngege bondeni ajue kwamba kanuni ni ileile ila vipimo si hivyo. Ngege ni samaki wa maji ya joto. Chini ya nyuzi 20 hukua polepole sana, na kumrundikia chakula katika maji baridi ya miinuko ni kutupa fedha na kuchafua bwawa.

Mwisho

Nimefikiri mara nyingi kuhusu Novemba ile. Kama ningekuwa mvivu nikasahau kuwalisha kwa wiki tatu, samaki wote wangekuwa hai. Nilichowaua nacho ni huruma isiyo na elimu. Nilipewa amana, na nikaipima kwa hisia zangu badala ya kuuliza hali yake. Ukikabidhiwa kiumbe, iwe samaki, mbuzi au mtoto wa mtu, usianze na kile unachotamani kumpa. Anza kwa kuuliza yuko katika hali gani na anaweza kubeba nini.

Bibi aliniambia maneno haya siku niliyoaga: "Sasa naweza kukuachia tena."

Maswali ya kujipima, mjadiliane kwenye kikao cha wiki:

1. Kwa nini samaki huhitaji chakula kidogo maji yakipoa?
2. Naitraiti inamdhuru samaki vipi, na chumvi inasaidia kwa njia gani?
3. Ukikuta samaki wanavuta hewa juu alfajiri ya Aprili, utafanya nini kwanza?

Wassalaam alaykum.