Jua Haki Zako: Ndoa Batilifu Bado Ni Ndoa

Katika familia nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, ndoa ikiingia mgogoro wazee huitwa, ng'ombe wa mahari hudaiwa, na mwanamke huambiwa arudi kwao kwa kuwa ndoa yake imekwisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitambui njia hiyo. Inatenganisha ndoa batili na ndoa batilifu, na anayechanganya mawili hayo anaweza kupoteza haki yake bila kujua. Ndoa batili haikuwa ndoa tangu siku ya kwanza: ndugu wa karibu waliokatazwa kuoana, mtu aliyeozeshwa bila ridhaa yake, au mwanamume aliyefunga ndoa nyingine huku ndoa yake ya mke mmoja ikiwa hai. Ndoa batilifu, inayoelezwa katika kifungu cha 39, ina kasoro ya aina nyingine. Mmoja hakuwa na uwezo wa tendo la ndoa, au alikuwa na ugonjwa wa zinaa unaoambukiza, au bibi harusi alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine, au mmoja anakataa kwa makusudi kukamilisha ndoa. Ndoa hiyo ni halali kwa kila jambo mpaka mahakama itakapoibatilisha.

Kwa hiyo kikao cha ukoo, hata kiwe na wazee wanaoheshimika, hakiwezi kuivunja. Ng'ombe pia hawawezi. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haipotezi uhalali kwa sababu mila ya mahari haikufuatwa. Ikiwa mahari isiyolipwa haizuii ndoa kuwa halali, mahari iliyorudishwa haiwezi kufanya kazi ya hukumu. Mke aliyefukuzwa kwa njia hiyo bado ni mke, na mume bado ana wajibu wa kumtunza.

Wapo watakaouliza: kwa nini sheria imbakishe mtu ndani ya ndoa aliyoingia kwa kudanganywa? Haimlazimishi kubaki, inamwachia yeye uamuzi. Aliyefichwa ugonjwa au mimba anaweza kusamehe na kuendelea, au kwenda kudai ubatilisho, na si haki ya mawifi wala mashemeji kumwamulia. Pingamizi jingine ni zito zaidi: mahakama ni mbali na ina gharama, ilhali wazee wako jirani. Ni kweli, na usuluhishi wa wazee una thamani yake katika kupatanisha. Lakini patano halina nguvu ya kubadili hadhi ya ndoa, na mashauri ya ndoa hupokelewa hata na Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo.

Usikawie. Kwa ugonjwa au mimba iliyofichwa, mlalamikaji anatakiwa awe hakujua wakati wa kufunga ndoa, afungue shauri ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa ifungwe, na asiwe amekubali tendo la ndoa baada ya kugundua. Muda ukipita, mlango wa ubatilisho unafungwa. Inabaki njia ya talaka, ambayo kwa kawaida huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Ukiambiwa ndoa yako imebatilika, omba kuona hukumu ya mahakama. Kama haipo, ndoa yako ipo.