Kumsindikiza Rafiki Mbioni

Ni desturi yetu kumsindikiza mgeni hata njia panda. Mbioni nako wako wasindikizaji. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Austria, Eliud Kipchoge wa Kenya alimaliza kilometa 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji 41 walipokezana kumshikia mwendo na kumkinga upepo. Karibu na mwisho walibaki nyuma, yeye akamaliza mbele yao.

Je, sisi tukimsindikiza rafiki katika nusu marathoni yake ya kwanza, yaani kilometa 21 na kidogo, tufanyeje?

Kwanza, tuache mwendo wetu, tushike wake. Mwanzoni wengi hutoka mbio, tumzuie. Kipimo ni maneno: asipoweza kusema sentensi nzima bila kuhema, tupunguze.

Pili, tukae ubavuni pake. Tukitangulia, atajikaza kutufuata hata nguvu zimwishie njiani.

Tatu, tumwangalie. Akiyumba au akianza kusema yasiyoeleweka, hasa juani, mbio zimekwisha. Tumpeleke kivulini, tummwagie maji mwilini, tuite mganga upesi. Aibu ya kuacha hupita, lakini joto la mwili likizidi huua.

Akifika salama, tumwache atangulie mstarini. Siku ile ni yake.

Swali la kujadiliana: Hapa Nyangamara, ni nani anayeachwa nyuma kwa kuwa kila mmoja wetu anashika mwendo wake mwenyewe?